Selfu haipigi? Shika mita ya umeme kabla ya kwenda kununua betri Kariakoo

Pikipiki ikigoma kuwaka kwa selfu (mota ya umeme ya kuwashia), mteja huambiwa anunue betri. Mara nyingi betri haina kosa, na hela ya dereva wa bodaboda haipatikani kirahisi.

Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imetulia saa kadhaa, husoma 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.2, ichaji kwanza. Ya 7Ah (ampea-saa 7) ipe ampea 0.7, usiitese kwa chaja ya gari. Halafu bonyeza selfu ukiitazama mita: volti zikishuka chini ya 9.6, betri imechoka.

Zikibaki juu ya 12 na rilei (swichi inayopeleka umeme kwenye selfu) inalia "tak" tu, umeme unapotelea njiani. Ncha nyekundu iweke kwenye chanya ya betri, nyeusi kwenye nati ya waya mnene pale kwenye mota ya selfu, kisha bonyeza. Soma ukiwa umebonyeza tu, maana kabla ya hapo mita itaonyesha volti zote za betri na kukudanganya. Ikizidi 0.5, kagua rilei na viungio vyake. Rudia upande wa hasi, kutoka betri hadi bodi ya mota: isizidi 0.3. Pikipiki zinazovuka kila siku na pantoni ya Kigamboni hula chumvi ya bahari. Fungua bolti ya ethi (waya hasi unaofungwa kwenye bodi) utakuta ukungu wa kijani. Piga msasa hadi chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi. Pande zote mbili zikiwa safi na mota bado kimya, ifungue uangalie kaboni (brashi zinazoingiza umeme ndani ya mota).

Rilei isipolia kabisa, anza na fyuzi, swichi ya klachi na nyutro.

Sasa chaji. Washa, panda resi hadi mizunguko 4,000 au 5,000 kwa dakika: betri isome 13.5 hadi 14.5. Ikipita 15, rektifaya (kifaa kinachodhibiti chaji) imekufa na inaichemsha betri. Isipopanda, chomoa plagi ya waya tatu za njano zitokazo kwenye koili ya kuzalisha umeme, weka mita kwenye AC, pima mbili mbili kwa resi ileile. Jozi zote tatu zilingane. Kisha zima injini, geuza mita kwenye ohm: waya wowote wa njano ukipitisha umeme hadi bodi, koili imeungua.

Koili ikiwa nzima, badilisha rektifaya, lakini itazame kwanza plagi yenyewe. Plastiki iliyogeuka kahawia maana yake kiungio kililegea kikapata moto. Ukiiacha hapo, rektifaya mpya nayo haitadumu.