Jina la Mdaiwa katika Taarifa ya Dhamana: Maana Yake na Uzito Wake

Mchuuzi wa samaki katika soko la Kibuye, Kisumu, anapokopa fedha na kuweka friza zake mbili kuwa dhamana, friza hizo hubaki kibandani mwake zikiendelea na kazi. Hapo ndipo mkopo wa namna hii unapotofautiana na rehani ya zamani, ambapo mwenye kukopesha alikichukua kitu chenyewe akakifungia kwake mpaka alipwe. Kitu kilichofungiwa kwa mwingine kila mtu hujua kwamba kimeshikwa, lakini friza inayonguruma kibandani haimwambii mpita njia lolote kuhusu deni lililo juu yake. Mkopeshaji wa pili akija wiki ijayo, akaziona friza nzima na biashara inakwenda, atajuaje kwamba mwenzake alimtangulia?

Sheria hujibu swali hilo kwa njia ya sajili. Nchini Kenya, Sheria ya Haki za Dhamana juu ya Mali Inayohamishika ya mwaka 2017 iliunda sajili ya kielektroniki ambamo mkopeshaji huandikisha taarifa fupi ya kuutangazia umma kwamba anadai haki juu ya mali fulani ya mtu fulani. Taarifa hiyo si mkataba wa mkopo, na wala haizai deni. Deni na haki ya dhamana huzaliwa na makubaliano ya pande mbili. Kazi ya taarifa ni kuifanya haki hiyo iwafunge pia watu wa nje: mkopeshaji mwingine, au msimamizi anayekabidhiwa mali ya mtu aliyefilisika. Kwa kawaida anayetangulia kuandikisha ndiye anayetangulia kulipwa kutokana na mali hiyo.

Sasa jina linaingiaje? Sajili ya ardhi hupangwa kwa namba ya kiwanja, kwa kuwa kiwanja hakihami. Friza, ng'ombe wa maziwa, mahindi yaliyo ghalani na madeni ambayo wateja hawajalipa havina namba ya kudumu ambayo mtu angeweza kuitafutia. Magari ni nafuu kidogo, maana yana namba ya usajili na namba ya chesisi. Kwa vitu vingine vyote, kumbukumbu haina budi kupangwa kwa utambulisho wa mwenye mali, na yeyote anayetaka kujua kama mali imeshikwa huanza na utambulisho huo huo. Kwa hiyo jina la mdaiwa katika taarifa ya dhamana lina kazi moja mahususi, nayo ni kumwezesha mtu mgeni, asiyewajua mkopaji wala mkopeshaji wa kwanza, kuipata taarifa hiyo anapoitafuta. Jina ambalo jirani wote wanalielewa, lakini ambalo haliileti taarifa mtu anapopekua sajili, limeshindwa kazi yake hata kama halimdanganyi mtu yeyote mtaani.

Neno «mdaiwa» lenyewe linahitaji uangalifu, kwa sababu hapa halina maana ile ile tuliyoizoea. Mzee wa Njoro akikubali trekta lake liwe dhamana ya mkopo wa mwanawe, anayedaiwa fedha ni mwana, ila jina linalopaswa kuandikishwa ni la mzee, kwa kuwa mpekuzi wa kesho atakayetaka kulinunua trekta hilo au kukopesha juu yake atamtafuta mwenye trekta. Ndiyo maana sheria ya Kenya humtaja mtu huyu kuwa mtoa dhamana. Nimeona watu wakilikosea jambo hili mara nyingi kuliko herufi, na ni kosa zito zaidi, kwa kuwa kukosea herufi pengine kunaweza kusameheka, lakini jina la mtu mwingine kabisa haliwezi.

Niliwahi kuketi kando ya meza ya karani wa mikopo mjini Nakuru, katika ofisi nisiyoitaja, siku ambayo faili la mfugaji mmoja lilifunguliwa. Fomu ya maombi, iliyojazwa kwa mkono na mfugaji mwenyewe, ilisema Kiplangat. Barua ya chama cha ushirika anakopeleka maziwa ilisema Kiplagat. Kitambulisho chake cha taifa kilisema Kiplang'at, na alama ya king'ong'o ilikuwa pale, ndogo lakini dhahiri. Karani alikuwa amekwisha kuchapa jina kutoka kwenye fomu ya maombi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu ya faili. Hakuna aliyedanganya; mwenye jina huliandika vyovyote kwa kuwa analijua ni lake. Tatizo ni kwamba kompyuta haimjui, na kwake hayo ni majina matatu.

Eneo letu lina mitego mingi ya aina hii. Kuna Ng'ang'a na Nganga, Wanjiru na Wanjiro, Mohamed na Muhammad. Kuna majina yaliyopinduliwa, la ubatizo likitangulia katika hati moja na kufuata katika nyingine. Kuna mama aliyekopa kwa jina la kwao kisha akachukua kitambulisho kipya chenye jina la mume. Kuna pia wafanyabiashara wanaojulikana kwa jina la mtoto wao wa kwanza tu, kiasi kwamba hata risiti zao huandikwa Mama Atieno. Kanuni ya kushika ni kwamba jina hutolewa kwenye hati rasmi iliyo hai, herufi kwa herufi, na kila karatasi nyingine katika faili hulinganishwa nayo, badala ya hati rasmi kulinganishwa na fomu.

Kwa biashara, swali la kwanza ni kama kuna kampuni au hakuna. Kampuni iliyosajiliwa ni mtu kisheria, na jina lake ni lile lililo katika sajili ya kampuni, pamoja na neno la mwisho linaloonyesha kwamba dhima yake ina kikomo. Jina la biashara ni kitu kingine: ni vazi alilovaa mtu. Ubao ulio juu ya duka la pembejeo unaweza kuwa na jina zuri na cheti chake kikaning'inia ukutani, ilhali mwenye mali ni binadamu mmoja mwenye kitambulisho, na mkopeshaji aliyeandika jina la ubaoni peke yake amemwacha mwenye mali nje ya taarifa.

Marekani wana uzoefu mrefu wa jambo hili, na kesi zao zinafundisha. Kifungu cha 9 cha Kanuni yao ya Biashara hutoa msamaha kwa makosa madogo, lakini husema kwamba taarifa isiyotoa jina la mdaiwa ipasavyo inapotosha vibaya, isipokuwa kama upekuzi uliofanywa kwa jina sahihi, kwa kutumia utaratibu wa kawaida wa utafutaji wa sajili, ungeileta taarifa hiyo. Mahakama Kuu Zaidi ya Kansas iliamua mwaka 2006 shauri la trekta ambapo taarifa ya kwanza ilisema «Roger» na jina halisi lilikuwa «Rodger». Herufi moja ilimnyima mkopeshaji wa kwanza nafasi yake, na benki iliyokuja baadaye na kuandika jina sawasawa ikamtangulia. Mwaka 2022 Mahakama Kuu Zaidi ya Florida iliangalia kampuni iitwayo 1944 Beach Boulevard, LLC, ambayo mkopeshaji aliiandika «Blvd.» kwa mkato. Taarifa haikufaa, ingawa hakuna msomaji ambaye asingeuelewa mkato huo. Kwa binadamu, marekebisho yaliyoanza kutumika Julai 2013 yaliyaelekeza majimbo kwenye jina lililo katika leseni ya udereva, na majimbo mengi yakachagua kulifanya jina hilo kuwa la lazima pale mtu anapokuwa na leseni iliyo hai.

Watu wengine huona ukali huu kuwa ukatili. Mimi nauona kuwa wa haki, kwa sababu mkopeshaji wa kwanza alikuwa na mkopaji mbele yake na kitambulisho mkononi, na kuliepuka kosa hilo kulikuwa juu yake. Mpekuzi hana chochote ila kile anachokichapa. Sheria ya mfano ya Umoja wa Mataifa kuhusu dhamana, ya mwaka 2016, hutumia kipimo hicho hicho cha kuuliza kama taarifa ingepatikana kwa utambulisho sahihi.

Hapa Kenya namba ya utambulisho hupunguza hatari nyingi za tahajia, kwa kuwa namba ya kitambulisho au ya usajili wa kampuni haina lahaja wala mkato. Hata hivyo namba nayo huchapwa na vidole. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, taarifa huangukia kwa mtu mwingine, ambaye siku moja atakataliwa mkopo kwa deni asilolijua, na mkopeshaji wa kweli hubaki bila ulinzi.

Yule karani wa Nakuru alifuta jina, akaweka kitambulisho juu ya faili na kuchapa upya kwa sauti, mwenzake akisikiliza na kufuata kwa kidole. Baada ya kuandikisha, alitoka katika ukurasa wa kuandikisha, akaingia katika ule wa kupekua kama mgeni, akachapa utambulisho kutoka kwenye kitambulisho chenyewe wala si kutoka kwenye taarifa aliyokuwa ametoka kuiandika, na akangoja. Taarifa ilitokea. Isingetokea, angeirekebisha siku ile ile, kwa sababu nafasi ya mkopeshaji katika foleni ingehesabiwa tangu saa taarifa ilipoanza kupatikana, na friza, trekta na ng'ombe wangeendelea kuonekana huru kwa kila aliyepekua kabla ya hapo.