Mbps Sawa kwa Kila Mtu Si Mgawanyo wa Haki

"Fundi, wewe gawa Mbps sawa kwa kila mtu, ugomvi uishe." Nimeambiwa hivyo tena wiki hii kuhusu Wi-Fi ya pamoja ya jengo, safari hii na mwenyekiti wa wapangaji, mtu makini kabisa. Naandika ili atakayeniambia tena nimtumie maandishi haya badala ya kuanza upya.

Kinachogawanywa hewani si Mbps (megabiti kwa sekunde, kipimo cha kasi), ni muda. Vifaa vyote vya ruta moja vimo kwenye chaneli moja, yaani kipande kimoja cha masafa ya redio, na kwa kawaida anayesema, yaani anayetuma data, ni mmoja kwa zamu. (Wi-Fi mpya zinaweza kukata chaneli vipande na kuhudumia kadhaa kwa pamoja, hoja haibadiliki.) Aliye karibu akipewa sekunde moja anapitisha mzigo mkubwa. Aliye nyuma ya kuta tatu za zege, katika sekunde hiyohiyo, anapitisha kidogo sana.

Tuchukue Asha, ambaye kiungo chake kinafika Mbps 100 akiwa peke yake hewani, na Juma, ambaye chake kinaishia 10. Ukitaka wapate kasi sawa, Juma lazima ashike hewa kwa sehemu 10 kati ya 11 za muda wote. Kila mmoja anaambulia Mbps 9 na kidogo. Sasa muongeze Mzee Saidi wa chumba cha mwisho, mwenye kiungo cha Mbps 1. Kasi sawa kwa wote watatu inakuwa 0.9. Mzee anakula asilimia 90 ya hewa, Asha wa Mbps 100 anashuka chini ya 1, na mwenyekiti anapiga simu kusema mtandao umekufa.

Hili lina miaka. Mwaka 2003 Martin Heusse na wenzake walilionyesha kwenye 802.11b, aina ya zamani ya Wi-Fi: kifaa kimoja cha Mbps 1 kinawavuta chini wote wa Mbps 11, kwa sababu Wi-Fi ya kawaida huwapa watu nafasi sawa za kutuma pakiti (vifurushi vidogo vya data), na pakiti ya mwenye kiungo kibovu hukaa hewani muda mrefu. Yaani hata usipogusa chochote, ruta ya zamani inakufanyia kile alichokiomba mwenyekiti. Mwaka 2017 Toke Høiland-Jørgensen na wenzake wakaonyesha kwenye mfumo endeshi wa Linux jinsi ya kugawa muda badala ya pakiti. Kama ruta yako ina kipengele hicho, kiwashe.

Upande wa pili kuna wanaotaka jumla iwe kubwa kabisa. Jibu lao ni kumpa Asha hewa yote, Juma na Mzee wapate sifuri. Sipotezi muda hapo.

Katikati ndipo anapoingia mwanahisabati John Nash, na tafadhali, ni Nash wa makala ya mapatano ya 1950, si ule msawazo wa Nash ambao kila mtu huutaja. Msawazo unaeleza kila mtu anafanya nini akijipigania peke yake. Mapatano yanauliza: watu wakikubali kukaa pamoja, wakubaliane wapi? Nash aliweka masharti manne. Kisipotezwe kitu ambacho mmoja angeweza kukipata bila kumuumiza mwingine. Walio sawa wapate sawa. Kubadili vipimo kusibadili makubaliano. Na ukiondoa chaguo ambalo hata halikuchaguliwa, jibu libaki lilelile. Hilo la nne lina wapinzani. Watafiti Kalai na Smorodinsky waliliacha mwaka 1975 na kupata kanuni nyingine, ingawa katika mfano wangu zote mbili zinatoa jibu moja. Masharti manne yakitimia, njia ni moja tu: chukua faida ya kila mtu juu ya kile ambacho angekuwa nacho mapatano yakivunjika, zizidishe faida zote, tafuta mgawanyo unaofanya jibu liwe kubwa kabisa.

Kwa Asha na Juma, wote wakianzia sifuri, jibu ni nusu ya muda kwa kila mmoja: Asha 50, Juma 5. Muda sawa, kasi tofauti. Mwanahisabati Frank Kelly alifika palepale miaka ya 1990 kwa kujumlisha logi (logarithimu) za kasi, kwa sababu kukuza jumla ya logi ni kukuza jibu la kuzidisha. Minara ya simu inaishi na jambo hilo tangu data ya 3G: kila kipande cha muda hupewa mteja ambaye kasi anayoweza kuipata sasa hivi, ukiigawa kwa wastani aliokwisha kupata, ni kubwa kuliko ya wengine. Simu hazipatani zenyewe. Programu ya mnara inakokotoa tu jibu ambalo wateja wangelifikia kwa mapatano.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hulipita mbio, nalo ndilo lenye uzito wote: ile sifuri ya kuanzia. Sokoni, mwenye kibanda kingine cha kukimbilia hupata bei nzuri kuliko asiye na pengine pa kwenda. Nash ni hivyohivyo. Pa kuangukia mapatano yakivunjika huamua kila kitu, na kuandika sifuri kwa kila mtu ni uamuzi, hata kama hukuufikiria. Mpe Juma uhakika wa Mbps 4 kwenye mkataba: hizo zinachukua asilimia 40 ya muda, asilimia 60 iliyobaki inagawanywa nusu kwa nusu. Juma anapanda hadi 7, Asha anashuka hadi 30. Kanuni ni ileile, hewa ni ileile. Kilichobadilika ni mstari mmoja wa mkataba. Kwa hiyo mtu akiniambia "tumetumia Nash, ni haki," namuuliza kwanza wameweka nini pale pa kuanzia.

Mzee Saidi ndiye anayenisumbua kweli. Kwa muda sawa wa watatu, Asha anapata 33, Juma 3.3, Mzee 0.33. Kwa Nash, kumpandisha Mzee kutoka 0.33 hadi 0.66 kuna thamani sawa na kumpandisha Asha kutoka 33 hadi 66. Lakini Mzee anataka kumwona mjukuu wake kwa video, na chini ya kiwango fulani video haipo kabisa. Manufaa yake si mteremko laini wa logi, ni ngazi yenye kidato kimoja kirefu, na hesabu ya Nash haikujengwa kwa ngazi. Mhakikishie 0.5: anafika 0.67, Asha anabaki na 16.7 na Juma 1.7. Nusu ya kasi ya wenzake imekwenda. Sina kanuni ya kuniambia kama bei hiyo ni halali. Mara nyingi navuta waya hadi karibu na chumba chake na kufunga ruta ya pili.

Ruta ya pili nayo inataka chaneli yake, na kwenye 2.4 GHz zisizogongana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Jengo la jirani lina ruta zake na mwenye wake. Hapo hakuna mnara wa kukokotoa kwa niaba ya wote, na pa kuangukia ni kila mmoja kupandisha nguvu ya ruta yake hadi mwisho. Mwaka 1953 Nash mwenyewe aliongeza vitisho kwenye hesabu: anayeweza kukuumiza zaidi akikataa kupatana, ndiye anayetoka na fungu kubwa. Kihesabu ni sahihi. Kwenye majengo maana yake ni kwamba mwenye antena kubwa anastahili zaidi kwa sababu anaweza kuwaziba wengine, na hapo siifuati. Nikiwakutanisha wenye ruta, tunaanza kuhesabu kutoka nguvu ndogo kabisa inayofika chumba cha mwisho cha kila jengo, na antena kubwa haiingii kwenye hesabu.