Baada ya upasuaji wa mkojo kuvuja, tendo la ndoa litakuwaje?

Nikikohoa au nikinyanyua ndoo mkojo hunitoka, na kitandani pia. Upasuaji hautaniharibia tendo la ndoa?

Kwa wanawake wengi, hapana. Wengi hubaki walivyokuwa au hupata nafuu, hasa wale waliokuwa wakitokwa na mkojo wakati wa tendo lenyewe. Hofu ya kulowesha shuka huua hamu kabisa.

Ila chunguza mkojo hutoka wakati gani. Ukitoka uume unapoingia, mara nyingi ni mrija wa mkojo uliolegea, na hapo upasuaji husaidia. Ukitoka unapofika kileleni, huenda kibofu ndicho kinachojikaza ovyo. Hilo hutibiwa kwanza kwa dawa na kukizoesha kibofu, si kwa kisu. Na hata mrija ukiwa umelegea, anza na miezi 3 ya mazoezi ya misuli ya nyonga. Wapo wanaopona kwa hayo tu.

Daktari anataka kuniwekea utepe. Ni kitu gani?

Ni ukanda mwembamba wa wavu wa plastiki unaopitishwa chini ya mrija wa mkojo ili kuushikilia. Ulianzia Uswidi miaka ya 1990, na umewasaidia wengi. Kwa wachache, utepe hutokeza kwenye ukuta wa uke: mke huumia au hutoka damu, mume huhisi kitu kinamkwaruza. Wanawake wa England walilalamika miaka mingi kabla ya kusikilizwa, hadi Julai 2018 matumizi yake yakasitishwa kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo uliza kama unaweza kufanyiwa kwa nyama ya mwili wako mwenyewe, utando mgumu wa tumboni au pajani.

Nisubiri muda gani?

Wiki 6 hivi, na kidonda kikaguliwe kwanza. Aliyeshonwa fistula, yaani tundu linalopitisha mkojo hadi ukeni, husubiri zaidi, angalau miezi 3.

Nikiendelea kuumia je?

Usikubali kuambiwa uvumilie. Chanzo huweza kuwa kovu, utepe, misuli ya nyonga iliyokaza, au ukavu wa uke baada ya kukoma hedhi, na vyote vina tiba: kilainishi, krimu ya estrojeni (homoni ya kike), mazoezi ya kulegeza misuli, hata kuutoa utepe. Madaktari wengi hawaulizi habari za chumbani, basi zitaje wewe, tena kabla ya upasuaji, ziandikwe kwenye faili lako.