IRM safi si cheti cha kupona kifafa

Imetokea tena juzi, na safari hii nimeamua kuandika badala ya kurudia maneno yaleyale kwenye korido. Mama kutoka Katuba, Lubumbashi, bahasha mkononi: "Docta, tuliuza mpaka pikipiki, tukavuka mpaka wa Kasumbalesa hadi Zambia, mashine ikasema mtoto hana kitu kichwani. Basi dawa tukaacha." Mtoto mwenyewe amekaa kando, bendeji kuanzia kiwiko hadi vidole. Aliangukia mbabula, jiko la makaa. Mchungaji wao naye ameshapata jibu: kama mashine ya bei ile haikuona ugonjwa, basi ni ulozi. Dawa imerudi siku ileile. Mchungaji sijamaliza naye.

Kifafa hakitambuliwi kwa IRM, yaani picha ya ubongo inayopigwa kwa mashine ya sumaku. Kinatambuliwa kwa masimulizi ya aliyemwona mtu akianguka: ilianzaje, macho yaligeukia wapi, mkono upi ulitangulia kukakamaa, fahamu zilichukua muda gani kurudi. Fasili ya shirikisho la kimataifa la kifafa ya mwaka 2014 inataka mishtuko miwili isiyo na kichocheo cha papo hapo kama homa, iliyoachana kwa zaidi ya saa 24, au mmoja ikiwa uwezekano wa kurudia ndani ya miaka 10 ni asilimia 60 au zaidi. Picha inaweza kusaidia kukadiria uwezekano huo, basi. Kumpiga mtu IRM akiwa ametulia ili ujue kama huwa anaanguka ni sawa na kupiga picha redio iliyozimwa, halafu uulize inaimba wimbo gani. Kuna aina za kifafa cha kurithi ambazo ubongo pichani hauna dosari hata moja.

IRM inajibu swali jingine: chanzo ni nini, na kiko wapi. Hapo ndipo vipimo vya namba, yaani kupima ukubwa wa sehemu za ubongo pichani, vinapoingia, na hapo wenzangu madaktari wananiudhi kuliko yule mama.

Kazi yenyewe si uchawi. Programu inachukua picha ya T1, aina ya IRM inayoonyesha umbo la ubongo, inachora mipaka ya hipokampasi (sehemu ya kumbukumbu, ndani ya ubongo) kila upande, inahesabu ujazo. Tuseme kulia ni sentimita za ujazo 3.4, kushoto 2.6. Tofauti ni 0.8; gawa kwa wastani, ambao ni 3, unapata karibu asilimia 27. Kulia kuzidi kidogo ni kawaida, lakini si kwa kiasi hicho. FLAIR, aina nyingine ya IRM ambayo kovu hung'aa, nayo iking'aa upande huohuo wa kushoto, na mgonjwa akisimulia kitu kinachopanda kutoka tumboni kabla hajapotewa na fahamu, basi tuna kovu la hipokampasi ya kushoto, na kama dawa mbili zilizochaguliwa na kutumiwa vizuri zimeshindwa, ni mtu wa kuzungumza naye habari za upasuaji. Pande zote mbili zikisinyaa sawa, hesabu hiyo ya tofauti inakupa sifuri na unamrudisha mgonjwa nyumbani ukiwa na furaha. Ndiyo maana lazima pia ulinganishe na watu wengine.

Watu gani? Hilo swali hakuna anayeniuliza. Ninaletewa ripoti yenye rangi, eneo moja jekundu, chini limeandikwa alama ya Z (umbali wa kipimo kutoka wastani wa watu wenye afya) ni -2.1, na daktari amezungushia kalamu: "chanzo kimepatikana". Chanzo cha nini? Chini ya -2 wanaangukia watu wazima wa afya kama asilimia 2.3. Ramani inayotumika sana hugawa gamba la ubongo, tabaka lake la nje, katika maeneo 34 kila upande, jumla 68. Zidisha mwenyewe: mtu asiye na ugonjwa wowote, kwa wastani, atakuwa na eneo moja na nusu "jekundu". Nipime mimi leo, utanikuta na kifafa cha karatasi.

Tena hao wa kulinganishwa nao, katika programu nyingi, ni watu wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini waliojitolea kulala kwenye mashine nyingine, pengine yenye sumaku ya nguvu ya tesla 3, wakati mgonjwa wangu amepigwa kwenye 1.5. Unarekebisha umri, jinsia na ukubwa wa fuvu. Mashine yenyewe huirekebishi kwa urahisi. Na mgonjwa akitikisa kichwa, programu inaona gamba limekuwa jembamba kuliko lilivyo. Watoto hutikisa kichwa, wenye hofu hutikisa kichwa, basi unapata "ugonjwa" uliotengenezwa na mtikisiko.

Bado tarehe. Mshtuko mrefu, wa nusu saa na zaidi, unaweza kuvimbisha hipokampasi kwa siku kadhaa kabla haijaanza kusinyaa. Ukipima katika siku hizo, upande uliovimba unaonekana mnene na mzuri, na ule mzima ndio unaonekana umepungua. Namba ni sahihi, upande ni kinyume. Valproate, dawa ya kifafa, nayo, kwa wagonjwa wachache, hupunguza ujazo wa ubongo pichani, na ukiiondoa unarudi. Ripoti nyingi ninazoletewa hazitaji dawa wala tarehe ya mshtuko wa mwisho.

Kuhusu tegu wa nguruwe, ambaye mabuu wake wakiingia ubongoni huleta kifafa, nitasema haraka: vijiwe vya chokaa vinavyoachwa na mabuu hao vinaonekana vizuri zaidi kwenye skana ya kawaida (CT). Msimuuzie mtu shamba kwa ajili ya IRM kabla hamjamaliza na skana.

Na hata namba zikiwa safi, mashine nzuri, tarehe nzuri, kuna jambo linaloninyima raha. Hipokampasi iliyosinyaa inaweza kuwa chanzo cha mishtuko, na inaweza kuwa matokeo ya mishtuko ya miaka mingi, au ya degedege refu la utotoni. Picha moja haina uwezo wa kuvitenganisha hivyo. Ninapoandika "yalingana na kovu la hipokampasi", sijasema nini kilitangulia, na mara nyingi sitawahi kujua.

Kwa hiyo ukitaka nikupimie mgonjwa, omba itifaki (utaratibu wa kupiga picha) ambayo shirikisho la kifafa lilipendekeza mwaka 2019: T1 na FLAIR za pande tatu, vipande vya milimita 1 visivyo na mwanya kati yao, na T2, aina ya tatu ya picha, iliyokatwa kwa kukingama na urefu wa hipokampasi. Vipande vya milimita 5 vyenye mianya havifai kwa hesabu hizi. Niletee CD yenye mafaili yenyewe, majina ya dawa, tarehe ya mshtuko wa mwisho, na video ya simu kama mtu wa nyumbani alifaulu kuichukua. Filamu iliyobandikwa dirishani, ikapigwa picha kwa simu na kutumwa WhatsApp saa tano usiku na swali "Docta, unaona nini?", naona dirisha.