Cheti cha jina si leseni ya biashara

Leseni ya biashara, au permit kama wengi tunavyoiita, hapa Kenya ni ruhusa ya kaunti kufanya shughuli fulani, mahali fulani, kwa muda uliolipiwa. Haiulizi kama una duka. Hapa Mombasa, fundi cherehani anayeshonea sebuleni Kisauni inamhusu, na mama wa Majengo anayepika mahamri na katlesi za oda inamhusu pia.

Linalonisumbua ni hili jibu ninalolisikia kila nikiuliza: "Nishasajili kwa eCitizen, leseni ninayo." Huna, dada yangu. Ulichopata kwenye eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, ni cheti cha jina la biashara. Kitoe kwenye fremu ukisome. Kina jina la biashara ulilolichagua na nambari inayoanza na BN. Kimetolewa na taasisi ya serikali ya taifa, na kinathibitisha kwamba jina hilo umelisajili wewe. Hakuna mstari unaokuruhusu kukaanga viazi karai kwenye baraza la nyumba ya kupanga. Permit ya kaunti ndiyo inayotaja aina ya shughuli na mahali inapofanyika, ada uliyolipa na muda inaoishia.

Utengano huu una sababu. Zamani leseni zilitolewa na baraza la manispaa. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ikaziachia kaunti leseni za biashara, nazo kaunti zikaanza kazi 2013. Kusajili majina kukabaki kwa serikali ya taifa, maana jina lililosajiliwa Mombasa linatambulika hata Kisumu. Lakini moshi wa jiko lako, taka zako na wateja wanaoziba kichochoro viko hapa hapa, na anayeshughulika navyo ni kaunti. Ndiyo maana ukihama Likoni ukaenda Nyali jina unakwenda nalo, ila permit iliyoandikwa mahali pa Likoni haikufuati vivyo hivyo; lazima urudi kaunti. Na cheti cha jina hakilipiwi kila mwaka, permit inalipiwa. Watu wanasajili jina mara moja, wanatulia miaka, halafu wanashangaa askari wa kaunti anapogonga mlango.

Na permit yenyewe haimalizi kila kitu. Anayepika chakula cha kuuza anahitaji pia cheti cha afya, cha kupimwa kila baada ya miezi 6, na jiko lake linaweza kukaguliwa na afisa wa afya ya umma. Kibao cha nje kina ruhusa yake na ada yake. Nyumba ya kuishi ukiigeuza saluni, hilo ni suala la matumizi ya ardhi chini ya sheria ya mipango ya 2019, mbali na idhini ya mwenye nyumba. Wala ile tikiti ya ushuru wa kila siku sokoni si permit, ingawa nayo ni ya kaunti.

Kwa hiyo mtu akikwambia amesajili, mpe hongera, kwa kuwa hatua hiyo ni ya kweli na wengi hawajaifikia. Kisha mwulize taratibu: ile karatasi yenye mtaa wako na kazi yako, umeshaichukua kaunti?