Unasoma kitabu gani sasa hivi? Jibu litakalomfaa msomaji mwenzako

"Kizuri sana, kinanoga, kitafute ukisome." Ndilo jibu analopewa karibu kila mtu anayewauliza wenzake wanasoma nini, na halimfai kitu. Anayeuliza hataki ushahidi kwamba wewe unafurahi. Anataka kujua kama na yeye atafurahi, na hilo wewe uliye katikati ya kitabu unalijua vizuri kuliko utakavyolijua ukishakimaliza. Mwisho hufunika mengi. Kitabu kikikuchosha kurasa 80 za mwanzo halafu kikafunga vizuri, utakisifia kana kwamba zile 80 hazikuwapo. Ndiyo maana nashauri jibu liandikwe njiani, baina ya robo na nusu ya kitabu, uchovu na utamu vyote vikiwa bado vibichi.

Anza na nakala uliyoishika. Kikiwa ni tafsiri, jina la kitabu na la mwandishi havitoshi: wafasiri wawili wa riwaya moja huweza kukupa vitabu viwili, mmoja ameziacha sentensi ndefu kama zilivyokuwa, mwingine amezikatakata. Mtaje mfasiri. Kisha fungua ukurasa wa hakimiliki, ambao kwa kawaida uko nyuma ya ukurasa wa jina. Toleo jipya kwa kawaida maana yake maandishi yameguswa. Chapa mpya ni maandishi yale yale yaliyorudishwa mtamboni. Ukikuta mstari wa tarakimu kama 10 9 8 7 6 5 4 3, ile ndogo kuliko zote ndiyo chapa yako, yaani hapo ni chapa ya tatu. Tafuta pia kama kuna neno linaloonyesha kwamba kitabu kimefupishwa. Watu wawili wanaweza kubishana wiki nzima juu ya sura ambayo mmoja wao hanayo kabisa.

ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, nayo itaje, lakini ijue tabia yake. Tangu 2007 ina tarakimu 13 na huanza na 978 au 979. Za kabla ya hapo zilikuwa 10. Jalada gumu, jalada laini na nakala ya kielektroniki kila moja ina namba yake. Mwenzako akitafuta kwa namba uliyompa asione kitu, huenda kitabu kipo, ila umbo hilo ndilo halipo.

Halafu sema umefika wapi. "Nipo ukurasa wa 112" haina maana kwa mwenye nakala nyingine, wala kwa anayesikiliza kitabu cha sauti. Taja sura, kisha asilimia. Na asilimia yenyewe ihesabu kwa maandishi, si kwa kitabu kizima. Kitabu chenye kurasa 320 kinaweza kuishia ukurasa wa 260, zilizobaki zikawa ni maelezo na faharasa. Ukurasa wa 112 hapo ni asilimia 43, si 35. Kosa hili hulionyesha zaidi vifaa vya kielektroniki vya kusomea: msomaji anaona asilimia 81, anajipanga kwa jioni mbili zaidi, anafungua ukurasa unaofuata anakuta shukrani.

Sasa kiini cha jibu: kitabu kinamdai nini msomaji wake? Hapa sifa tupu hazisaidii, vipimo vinasaidia. Badala ya "hakichoshi", sema sura zina kurasa nne hadi sita na nyingi ni mazungumzo. Badala ya "kina mambo mazito", sema msimuliaji anaruka kati ya vipindi vitatu bila kutaja miaka, na majina ya wahusika kumi na wawili yanaingia ndani ya kurasa 30 za kwanza. Mtu anayesoma ndani ya basi dakika kumi kumi atajua papo hapo kwamba hicho si chake kwa sasa. Anayependa vitabu vya namna hiyo atakirukia.

Muda pia ni dai. Kwa Kiingereza, uchambuzi wa mwanasaikolojia Marc Brysbaert wa 2019 uliokusanya tafiti nyingi ulipata wastani wa maneno 238 kwa dakika kwa vitabu visivyo vya kubuni, na 260 kwa hadithi, kwa mtu mzima anayesoma kimya. Kitabu cha kurasa 300 chenye maneno 300 kila ukurasa ni maneno 90,000; kwa mwendo wa 250 unapata dakika 360, au nusu saa kila siku kwa siku 12. Ila usiibebe hesabu hiyo kuileta kwenye Kiswahili. "Hatutawasomea" ni neno moja, na ndani yake kuna kanusho, nafsi mbili, wakati ujao na kitenzi chenye kauli ya kutendea. Maneno yetu ni machache kwa ukurasa na yamebeba mengi. Jipime mwenyewe: soma dakika 10 mahali pa kawaida, si mwanzoni, uhesabu kurasa. Ukipata 7, kurasa 300 zitakula muda wa saa 7 na dakika chache.

Penye hatari kubwa ni kumwaga mtama. Wengi hudhani wako salama ilimradi hawakutaja nani alikufa. Si hivyo. "Subiri uone mwisho wake" ni siri iliyokwisha kutoka, kwa sababu msomaji ataanza kumshuku kila mhusika na kila tabasamu. Kikomo ninachokitumia ni maelezo yaliyo nyuma ya jalada pamoja na sehemu ya kumi ya kwanza ya kitabu. Kwa maandishi ya kurasa 260, ni kurasa 26. Yaliyo mbele ya hapo yaeleze kwa sura yake, si kwa tukio: "nusu ya pili inapunguza mwendo", "msimuliaji anabadilika". Hata hilo la msimuliaji, kwenye riwaya za upelelezi, fikiri mara mbili.

Kiswahili kinatusaidia hapa. "Muuaji aliingia kwa mlango wa nyuma" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, kwa kuwa kiambishi a- hakibagui. Unaweza kuandika aya nzima juu ya mhalifu bila kumfichua. Lakini lugha hii hii ina mitego yake. Ukimwita mhusika "mjane" wakati mume anakufa ukurasa wa 200, umemaliza uhondo kwa neno moja. "Alikuwa mtu mkarimu" nayo huzika watu. Mhusika anayeishi bado mpe wakati uliopo, "ni mkarimu". Majina ya undugu vilevile: kumwita mtu "baba yake" kabla kitabu chenyewe hakijakiri ni kosa linalotokea mara nyingi mno, hasa kwa aliyesoma mbele sana akasahau alichokuwa hakijui mwanzoni.

Dawa ya kusahau huko ni kuandika siku ile ile. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba tunapoteza tulichojifunza kwa kasi kubwa zaidi saa za mwanzo, kisha upotevu unapungua. Mistari mitatu kila unapofunga kitabu inatosha: ukurasa, maneno machache ya sentensi iliyokushika, na kilichokupitia kichwani. Huo mstari wa tatu ndio wengi huuacha, na ndio pekee usioweza kuupata tena kwa kufungua kitabu.

Daftari likinenepa utahitaji faharasa. John Locke, mwanafalsafa wa karne ya 17, alitumia herufi ya kwanza ya mada pamoja na irabu inayoifuata. Kwa mada za Kiswahili mtindo huo husongamana upesi: kifo, kiburi, kisasi na kilio vyote huenda K-i. Dondosha kiambishi kwanza, ndipo upange. Kiburi kitaingia B-u, kisasi S-a.

Kwa wanaosoma vitabu kadhaa kwa pamoja, na ni wengi, vitatu ndiyo mwisho wangu, na visifanane: riwaya, kitabu cha maarifa, na diwani au hadithi fupi. Riwaya mbili za familia kubwa zikisomwa wiki moja, wajomba huhama nyumba. Ndani ya kila riwaya weka kadi yenye jina la mhusika, uhusiano wake, na ukurasa alikoingia. Kitabu kikikaa wiki mbili bila kuguswa, kadi hiyo hukuokoa na kuanza upya.

Tuseme basi uko katikati ya riwaya ya upelelezi. Ukishataja jina la kitabu, mwandishi, mfasiri na ISBN, jibu linaweza kuwa hivi: "Nipo sura ya 9 kati ya 24, asilimia 38, tafsiri, jalada laini. Msimulizi ni mpishi wa meli, nafsi ya kwanza, sentensi fupi. Kurasa 40 za mwanzo ni maelezo ya jikoni, zivumilie au ziruke. Kinachonishika ni jinsi anavyowatambua watu kwa wanachobakiza sahani. Atakayetaka mapigano hatayapata, angalau hadi hapa." Maneno hayafiki 60.

Na kitabu ulichokiacha nacho kiseme. Mkutubi wa Marekani Nancy Pearl ana kanuni ya kurasa 50: zikiisha bila kukuvuta, weka chini. Ukiwa umevuka umri wa miaka 50, toa umri wako kwenye 100, na jibu ndilo idadi ya kurasa unazokipa kitabu. Mwenye miaka 70 anakipa 30. Naikubali kwa riwaya. Kwa diwani naona haifai, kwa kuwa shairi la ukurasa wa 51 halidaiwi chochote na la ukurasa wa 3, hivyo fungua katikati usome matano. Unapotangaza kwamba umekiacha, taja ukurasa na sababu inayopimika. "Nimekiachia ukurasa wa 64, barua zimekuwa ndefu kuliko masimulizi" humfukuza msomaji mmoja na kumleta mwingine anayependa barua.