Cheti cha LEED ukiwa Lamu: kukitunza na kukipandisha daraja

Wasanifu majengo na wahandisi wengi wa pwani hukesha kwa ajili ya mtihani wa Green Associate, daraja la kwanza la vyeti vya LEED, mfumo wa kupima majengo yanayotunza mazingira: maswali 100 kwa saa mbili, na huwezi kufaulu chini ya alama 170 kati ya 200. Wakishafaulu, cheti huandikwa kwenye wasifu wa kazi, kisha husahauliwa. Miaka miwili inapita, saa za masomo ya kujiendeleza hazijatimia, cheti kinakufa na mtu anaanza upya na mtihani. Inaniuma kila nikiona hivyo, maana saa zenyewe si nyingi: 15 kila miaka miwili kwa Green Associate, 30 kwa LEED AP, daraja linalofuata, mwenye taaluma maalumu.

Wengi hunasa hapa: saa 3 kati ya hizo 15, au 6 kati ya 30, lazima zihusu LEED yenyewe. Mtu hujaza warsha za umeme wa jua na semina za taka, mwisho anaambiwa bado. Basi anza na hizo za LEED. Nyingine utazipata njiani, kwa mihadhara, kwa kuandika makala ya kitaalamu, hata kwa kazi ya kujitolea.

Naomba tu usichague somo kwa kuwa ni fupi. Lililonifaa mimi kuliko yote linahusu ASHRAE 55, kiwango kinachoeleza watu huridhika na joto la namna gani ndani ya nyumba. Kina hesabu ya pekee kwa vyumba vinavyopozwa na upepo, ambavyo wakaaji wenyewe hufungua na kufunga madirisha, na kwa vyumba hivyo hukubali joto la juu zaidi, hasa hewa ikitembea. Hiyo ndiyo nyumba ya Mji wa Kale: kuta nene za mawe ya matumbawe zilizopigwa chokaa, vyumba vyembamba kwa kadiri ya urefu wa boriti za mkoko, na kiwanda, yaani ua wa ndani, katikati ambapo hewa ya moto hupanda ikatoka. Mafundi wetu wanayajua haya tangu utotoni. Lakini mwenye hoteli Shela anayetaka kiyoyozi kila chumba anataka tarakimu, na sasa ninazo za kumwekea mezani. Hesabu hiyohiyo huonyesha pia penye udhaifu: wakati wa maleleji, kaskazi imekwisha na kusi haijashika, chumba kinahitaji feni ya dari. Namwambia hivyo waziwazi.

Kuhusu kupanda daraja, mwenye Green Associate hufanya mtihani wa taaluma moja tu ili awe LEED AP. Akifaulu, anaingia kwenye hesabu ya saa 30. Wengi hukimbilia BD+C, ya kusanifu na kujenga, kwa kuwa ndiyo inayojulikana. Anayejenga majumba mapya Malindi, imfae. Ila Mji wa Kale wa Lamu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na riziki yetu kubwa hapa ni kukarabati na kuendesha nyumba zilizopo. Kwa kazi hiyo naona O+M, ya uendeshaji na matengenezo, ndiyo inayofaa: bili za umeme, taka za wageni, na maji, ambayo kwetu hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela na hayapaswi kuchezewa. Kabla ya kulipia, hakikisha mtihani wako unafuata toleo lipi, kwa sababu LEED v5 ilitoka 2025 na vitabu vya zamani bado vinazunguka.

Kila somo liandikishe kwenye akaunti yako jioni ileile na uhifadhi hati ya kuhudhuria. Saa zikizidi hazihamii kipindi kijacho, kwa hiyo usirundike. Zikitimia, lipa ada ya kuhuisha mapema, kwani saa bila malipo hazikiokoi cheti, na siku ya mwisho si siku ya kugundua kwamba kadi ya benki imegoma.